Rafiki aliyenizidi miaka 33: je, urafiki wetu umegeuka kuwa uuguzi?

Swali: Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 39. Rafiki yangu wa karibu kuliko wote ni mama wa miaka 72. Tulikutana nilipokuwa na miaka 21, nikiwa mwajiriwa mpya naye akiwa mkuu wa kitengo changu, na alipostaafu urafiki wetu haukustaafu naye. Alisimama nami wakati wa talaka yangu, nami nilisimama naye alipofiwa na mumewe. Ndugu zangu wamekuwa wakisema siku zote kwamba natafuta mama wa pili. Tangu mwaka jana afya yake imedhoofika, na sasa ninamkumbusha dawa, ninamsindikiza hospitali na kumlipia bili zake kwa simu, lakini hatuzungumzi tena kama zamani. Yeye haniambii yanayomsumbua, nami namficha yangu ili nisimwongezee mzigo. Je, huu bado ni urafiki? Nifanye nini usife kabla yetu? Na siku akiondoka, nitakuwa nani katika msiba wake?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Sehemu ya kwanza ya swali lako naijibu bila kusita: huu bado ni urafiki, na kwa maelezo uliyotoa ni urafiki wa kina ambao watu wengi hawaupati hata kwa watu wa rika lao. Miaka 33 iliyo kati yenu haiutishii, wala udhaifu wa mwili wa rafiki yako hauutishii. Hatari iko katika ile sentensi uliyoiandika kwa kupita tu, kwamba yeye hakuambii yanayomsumbua na wewe unamficha yako. Nitaizungumzia sentensi hiyo kwa kirefu, kwa sababu naamini ndiyo kiini cha barua yako yote, lakini nianze na maneno ya ndugu zako, maana yanaonekana kukuchoma kwa miaka mingi.

Mtu anapowaona wanawake wawili waliopishana kizazi kizima wakiwa pamoja, hutafuta haraka uhusiano anaoufahamu ili auelewe ule anaouona: mama na binti, mwalimu na mwanafunzi, mgonjwa na muuguzi. Sehemu ya sababu ni namna maisha ya sasa yalivyopangwa. Shule huwagawa watoto kwa mwaka wa kuzaliwa, ajira huwakusanya watu wenye nguvu na kuwaaga wanapofikia umri wa kustaafu, na vikundi vingi vya burudani hujengwa juu ya rika, kiasi kwamba mtu anaweza kuzeeka bila kupata kamwe nafasi ya kuketi kwa uhuru na mtu aliyemzidi miaka 30 ambaye si ndugu yake wala mkubwa wake kazini. Hata hivyo, nyinyi si watu wa ajabu. Utafiti uliofanywa nchini Marekani mwaka 2019 na AARP, shirika linalotetea maslahi ya watu wenye miaka 50 na zaidi, uligundua kwamba karibu watu wazima 4 kati ya 10 wana rafiki wa karibu waliyepishana naye kwa miaka 15 au zaidi. Takwimu hiyo ni ya nchi moja na nisingependa kuitumia kuwasemea watu wote duniani, ila inatosha kuonyesha kwamba urafiki wa vizazi viwili ni jambo la kawaida kuliko tunavyodhani.

Kuhusu mama wa pili, nakuomba uitazame tofauti iliyopo. Hakuna binti aliyemchagua mama yake. Mama ana historia na bintiye tangu kabla binti hajajitambua, ana matarajio juu yake, na mara nyingi kosa la binti humuuma kama kosa lake mwenyewe. Ndiyo maana hata binti aliyejaliwa mama mwema ana mambo ambayo hawezi kumweleza. Rafiki hana mzigo huo. Ndoa yako ilipovunjika, rafiki yako aliweza kukusikiliza usiku kucha bila kujiuliza ni wapi alikosea katika kukulea, na wewe uliweza kulia mbele yake bila kuhisi kwamba umemwaibisha. Inawezekana kabisa kwamba katika miaka ya mwanzo, ulipokuwa binti wa miaka 21 naye ana madaraka juu yako, kulikuwa na kitu cha kimama katika namna alivyokushughulikia. Hakuna aibu katika hilo. Urafiki mwingi wa aina hii huanza bila usawa, na usawa huja polepole, kwa kawaida siku ile ambapo mdogo anathubutu kwa mara ya kwanza kumpinga mkubwa na kugundua kwamba uhusiano haujavunjika.

Mfano ninaoupenda katika jambo hili ni wa Eleanor Roosevelt na Pauli Murray, kwa sababu umehifadhiwa katika barua walizoandikiana kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1938 Murray, Mmarekani mweusi mwenye miaka 28, aliandika barua ya malalamiko kuhusu ubaguzi wa rangi kwa Rais Franklin Roosevelt, na nakala akaituma kwa mke wa rais, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 54, umri uleule aliokuwa nao rafiki yako mlipokutana. Eleanor alimjibu kwa upole akimshauri asisukume mambo kwa haraka mno. Murray hakuukubali ushauri huo, na aliendelea kuandika. Walitofautiana kwa umri, kwa rangi katika nchi iliyokuwa na sheria za ubaguzi, kwa mali na kwa madaraka, na bado Murray hakumwandikia mwenzake kama mtu anayeomba hisani. Mwaka 1942 alimpelekea maneno makali kiasi cha kumkera. Eleanor akamjibu kwa ukali wake, kisha akamwalika waonane wazungumze. Baada ya hapo walikaribiana zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Eleanor alipoongoza tume ya Rais Kennedy kuhusu hali ya wanawake, Murray, ambaye kwa wakati huo alikuwa mwanasheria mwenye jina, alifanya kazi katika mojawapo ya kamati za tume hiyo. Kilichovunja mawasiliano yao ni kifo cha Eleanor mnamo Novemba 1962.

Nimeueleza mfano huo kwa urefu kwa sababu unaonyesha wazi mahali usawa unapokaa katika urafiki wa watu wasiolingana. Wawili hao hawakuwahi kuwa sawa kwa umri wala kwa uwezo. Walikuwa sawa kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba kila mmoja alikuwa na ruhusa ya kumwambia mwenzake ukweli, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ana nguvu za kuupokea. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoanza kupungua kati yako na rafiki yako tangu mwaka jana, na imepungua kwa nia njema ya pande zote mbili, jambo linaloifanya iwe ngumu kuigundua.

Hebu tuitazame hali hiyo kwa macho yake. Mwanamke aliyewahi kuongoza kitengo kizima, aliyemshika mkono kijana wakati wa talaka, sasa anakumbushwa dawa na kijana yuleyule. Kila unapofika mlangoni kwake unakuja na jambo la kumsaidia, na kila unapoondoka anahisi deni limeongezeka. Katika hali kama hiyo watu wengi wazee huamua kimyakimya kwamba angalau wasilete habari zaidi za kusikitisha. Huficha maumivu, huficha kuanguka bafuni, huficha usiku walioshindwa kulala. Wewe nawe, ukimwona amepungua, unaamua kwamba mtu mgonjwa hastahili kusikia kwamba kazini kwako kuna hatari ya kupunguzwa au kwamba upweke umekurudia. Mnabaki na mazungumzo ya dawa, miadi ya daktari na bili. Hayo ndiyo mazungumzo ya muuguzi na mgonjwa, na mmeyafikia kwa sababu kila mmoja anampenda mwenzake na anataka kumlinda.

Mwanasaikolojia Toni Antonucci, ambaye mwaka 1980 yeye na mwenzake Robert Kahn walieleza nadharia ya msafara wa watu wanaotusindikiza maishani, ameonyesha pia kwamba wanadamu huweka hesabu ya kupeana na kupokea kwa miaka mingi, kama mtu anayeweka akiba benki akiwa na nguvu ili aitoe wakati wa shida. Hesabu hiyo ni ya hisia zaidi kuliko ya namba, lakini ina uzito. Kwa hesabu hiyo rafiki yako hana deni kwako, kwa sababu alikwisha kuweka akiba kubwa katika miaka uliyokuwa kijana usiyejua pa kushika. Pengine yeye mwenyewe halioni hivyo, na inafaa umwambie kwa maneno ya wazi, ukitaja matukio: siku alipokutetea mbele ya wakubwa, usiku alipokupokea na mabegi yako. Shukrani ya jumla humpita mtu mzima kama salamu za heshima. Tukio lililotajwa kwa jina lake hubaki.

Hata hivyo, akiba ya zamani peke yake haitoshi kumfanya mtu ajione ana thamani leo. Anahitaji kuendelea kutoa. Erik Erikson, katika nadharia ya hatua za maisha aliyoichapisha mwaka 1950, alieleza hamu ya mtu mzima ya kukuza na kuongoza kizazi kinachofuata, na akaeleza kwamba anayekosa njia ya kufanya hivyo hudumaa ndani yake. Katika kazi yangu na wanawake wazee, malalamiko ninayoyasikia kuliko maumivu ya miguu ni kwamba hakuna tena anayewauliza wanafikiri nini. Watoto huwauliza kama wamekula na kama wamelala, madaktari huwauliza panauma wapi, na hakuna anayewauliza kuhusu jambo ambalo si mwili wao. Unapomficha rafiki yako shida zako, unamnyang'anya kazi ambayo bado anaiweza kikamilifu. Magoti yanaweza kukataa kupanda ngazi huku busara ya miaka 50 ya kuishi na watu ikiwa haijapungua hata kidogo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu: rudisha shida zako kwake. Chagua siku ambayo maumivu yake yametulia, siku isiyo ya hospitali wala ya bili, na uanze wewe, kwa kuwa mdogo ndiye aliyeshika nafasi ya mtoaji na ndiye anayepaswa kuiachia. Unaweza kumwambia hivi: "Nimekuwa nikikuficha mambo yangu nikidhani nakulinda, na nimegundua kwamba nimebaki bila rafiki wa kuzungumza naye." Halafu mweleze jambo moja la kweli, lenye uzito, ambalo kweli unahitaji ushauri juu yake. Usitunge tatizo dogo ili kumfurahisha. Mtu aliyekufahamu kwa miaka 18 atatambua mara moja kwamba anachezewa, na itamuumiza kuliko ukimya. Akikupa ushauri usioupenda, mpinge kama ulivyokuwa ukimpinga zamani, maana kukubali kila anachosema kwa sababu ni mgonjwa ni namna nyingine ya kumwambia kwamba maneno yake hayana tena uzito.

Upande wa pili ni mgumu zaidi, nao ni kumfungulia mlango azungumze yake. Rafiki yako ana miaka 72, mume wake amekwisha kufariki, na mwili wake umeanza kumkatalia. Bila shaka anafikiria kifo. Wazee wengi hutaka kukizungumzia, na wengi wao hujaribu, lakini huzimwa na watu wanaowapenda kwa maneno kama "usiseme hivyo, utapona" au "wewe bado una miaka mingi." Maneno hayo humtuliza anayeyasema. Anayeambiwa huelewa kwamba mada hiyo imekatazwa, na hairudii tena. Siku atakapogusia jambo hilo, hata kwa mzunguko, kwa mfano akisema kwamba hajui kama atauona mwaka ujao, acha kimya kidogo kipite, kisha muulize ni kitu gani hasa kinachompa hofu au wasiwasi. Huenda si kifo chenyewe. Huenda ni kuwa mzigo kwa watoto, au jambo la zamani ambalo hakuwahi kumwambia mtu, au nani atawaangalia watu fulani baada yake. Huna haja ya kuwa na jibu. Kazi ya rafiki hapo ni kutokimbia.

Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford amechunguza kwa miongo kadhaa namna watu wanavyochagua wa kuwa nao kadiri wanavyohisi muda wao unapungua. Matokeo yake ni kwamba mtu huacha mahusiano ya juu juu na kubaki na watu wachache wenye maana kubwa kwake, na huko kupungua kwa idadi hakumaanishi kwamba moyo wake umefungwa. Nakukumbusha hili kwa sababu unaweza kuona kwamba rafiki yako haendi tena kwenye mikusanyiko aliyoizoea na ukadhani ameanza kujitenga na wewe pia. Ikiwa bado anakupokea, bado anakungoja, basi umo katika wale wachache aliowabakiza. Hata hivyo, ukiona ameacha hata mambo yaliyompa furaha ya peke yake, halali, hali chakula au anasema maisha hayana maana, hilo ni jambo tofauti, na linastahili kupelekwa kwa daktari, kwa sababu sonona ya uzeeni inatibika na mara nyingi hukosewa kwa kudhaniwa kuwa ni uzee wenyewe.

Jambo jingine la kitabibu ambalo huharibu mazungumzo bila mtu kulishuku ni usikivu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya robo ya watu wenye umri unaozidi miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango kinachowatatiza katika maisha. Kwa kawaida sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na konsonanti zinazotofautisha neno moja na jingine zimo humo. Mtu husikia kwamba unaongea lakini hashiki unachosema, na kwa kuona haya huitikia tu kwa kichwa. Huenda sehemu ya ukimya wa rafiki yako ni hiyo. Mwombe apimwe masikio. Wakati huohuo, keti mbele yake mahali penye mwanga ili aone midomo yako, zima redio na televisheni, ongea kwa utulivu bila kupaza sauti, na mambo mazito usiyazungumze kwa simu. Na tafadhali usimwongeleshe kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Utafiti wa Becca Levy na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia watu 660 katika mji mmoja wa Marekani, ulionyesha kwamba waliokuwa na mtazamo mzuri juu ya kuzeeka kwao waliishi kwa wastani miaka 7.5 zaidi ya wenye mtazamo mbaya. Mtazamo huo hujengwa, au hubomolewa, na namna wengine wanavyomtendea mtu kila siku.

Kuhusu kazi za uuguzi, sikushauri uziache, ila uzitenganishe na urafiki. Weka siku ya miadi na bili, na siku nyingine ya kwenda kwake bila kazi yoyote, ambayo ndani yake dawa hazitajwi isipokuwa kwa dharura. Ukijiona huna muda wa vyote viwili, kabidhi sehemu ya kazi kwa mtu mwingine na ubaki na siku ya mazungumzo, kwa kuwa dawa inaweza kukumbushwa na mtu yeyote au hata na kengele ya simu, lakini hakuna mwingine aliye na miaka 18 ya kumfahamu kama wewe. Na usidhani kwamba siku hiyo ni anasa ukiilinganisha na matibabu. Uchambuzi wa tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, uliochapishwa mwaka 2010 na Julianne Holt-Lunstad na wenzake, ulionyesha kwamba watu wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi kwa takriban asilimia 50 ule wa watu wenye mahusiano dhaifu.

Hapa nina onyo moja kuhusu fedha. Umesema unamlipia bili kwa simu. Kama fedha hizo ni zake, hakikisha watoto wake au ndugu zake wa karibu wanajua, kwa ridhaa yake. Tunza kumbukumbu ya kila malipo, usikae na namba yake ya siri peke yako, na usitie saini hati yoyote ya mali yake, wala kukubali zawadi kubwa, bila familia kufahamu. Nasema hivi nikijua kwamba moyo wako ni safi. Watoto wa mzazi mgonjwa, hasa wanaoishi mbali, huwa na hatia ndani yao kwa kutokuwepo, na hatia hiyo hugeuka kwa urahisi kuwa tuhuma juu ya mtu wa nje aliyepo. Ukiwapigia mapema, ukawaeleza unachofanya na kuwauliza wangependa kufanya nini wao, utakuwa umezuia ugomvi ambao ungemuumiza rafiki yako kuliko mtu mwingine yeyote. Ila weka mpaka ulio wazi: taarifa za fedha na afya ni za kushirikishana na familia kwa ruhusa yake, lakini siri alizokupa kama rafiki si zao, hata wakiuliza.

Inawezekana pia kwamba siku moja kumbukumbu yake itaanza kupotea. Si lazima, na usiisubiri kwa hofu, lakini likitokea kuna jambo linalofaa kulijua. Mwaka 2010 Justin Feinstein na wenzake walichapisha utafiti wa watu wenye uharibifu wa ubongo uliowafanya washindwe kuhifadhi kumbukumbu mpya. Walionyeshwa filamu za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye walikuwa wamesahau walichokitazama, lakini hisia ziliendelea kubaki ndani yao. Utafiti wao wa mwaka 2014 ulikuta hali kama hiyo kwa wagonjwa wa Alzheimer, maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu polepole. Maana yake kwako ni kwamba hata siku atakapokuwa hakumbuki kwamba ulikuja jana, utulivu uliomwachia unaweza kuwa bado umo ndani yake. Basi akisimulia kisa kilekile mara ya tatu, usimwambie kwamba umekwisha kukisikia. Muulize kuhusu sehemu ya kisa ambayo hukuwahi kuiuliza.

Naomba nikuguse na wewe pia, kwa sababu barua yako haitaji rafiki mwingine yeyote. Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano, alikadiria mwaka 2018 kwamba huchukua zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja kwa watu wasiofahamiana kuwa marafiki wa karibu. Saa hizo hazipatikani katika wiki ya msiba. Anza sasa kumpa muda wako mtu mmoja au wawili unaowaona wana mwelekeo wa urafiki, wa umri wowote. Kufanya hivyo si kumsaliti. Mwulize mwenyewe, na nina hakika atakuambia kwamba jambo linalompa wasiwasi kuliko yote ni wewe kubaki peke yako.

Sasa nijibu swali lako la mwisho, ambalo naamini ndilo lililokufanya uandike. Mwaka 1989 mtaalamu wa masuala ya kifo Kenneth Doka alieleza majonzi yasiyotambuliwa, yaani huzuni ya mtu aliyepoteza mpendwa lakini jamii haimhesabu kama mfiwa. Rafiki ni mmoja wa watu hao. Hana likizo ya msiba kazini, hana kiti maalumu miongoni mwa wafiwa, na watu humpa pole fupi kana kwamba amefiwa na jirani wa mbali. Anapokuwa amepishana na marehemu kwa miaka mingi, huongezewa neno la kwamba marehemu alikuwa ameishi vya kutosha. Utakapoyasikia hayo usiyaruhusu yakupimie huzuni yako. Huzuni hupimwa kwa nafasi ambayo mtu alikuwa nayo katika maisha yako, na wewe utakuwa umempoteza shahidi wa maisha yako yote ya utu uzima. Lia, omba siku za kupumzika hata kama utaziita likizo ya kawaida, na mtafute mshauri ukiona miezi inapita huku ukishindwa kuendesha maisha.

Kuna sehemu ya jambo hili inayoweza kupangwa kabla, na yeye anaweza kushiriki katika kuipanga. Mtakapokuwa mmeshazoea tena kuzungumza kwa uwazi, muulize angependa uwe wapi wakati wa ugonjwa wake mzito na katika mazishi yake, na kama kuna jambo angependa ulifanye au ulisome. Mwombe awaambie wanawe yeye mwenyewe, kwa kinywa chake na mbele yako, kwamba wewe ni rafiki yake na kwamba anataka upewe taarifa pamoja nao. Neno hilo likitoka kwake hakuna atakayelihoji baadaye. Wapatie namba yako ya simu, chukua zao, na mwombe akutaje hospitalini katika orodha ya watu wa kuarifiwa, ili likitokea jambo usiku wa manane usije ukalisikia kwa watu baki siku ya tatu. Ukiona vigumu kulianzisha, mwonyeshe jibu hili, soma naye aya hii, kisha mwachie yeye aseme wa kwanza.